Ala na kisu: kwa nini reli uliyoagiza haiingiliani na meza yako ya msumeno

Kijana aliingia karakanani Chang'ombe, hapa Dodoma, ameshika kitu kirefu kilichofungwa kwa gazeti kama mkuki. Ndani yake mlikuwa na reli ya aluminiamu, urefu wa mita moja na ushee, inang'aa. Aliiagiza mtandaoni ikamfikia kwa basi kutoka Dar. Kwenye simu alikuwa amemwona fundi wa Marekani akisukuma ubao juu ya msumeno wa meza kwa vidole viwili, ubao unateleza kama sabuni. Maelezo yalitaja robo tatu ya inchi. Akaja kupima mfereji wa meza ya msumeno pale karakanani, naye akapata robo tatu ya inchi. Akalipa.

Reli ilipotumbukizwa kwenye mfereji iliingia sawasawa. Ikakaa. Basi, ikaishia hapo. Haikuwa na pa kufungia ubao wala haikuwa na kitu cha kuteleza. Mzee mwenye karakana akaigeuza, akaichungulia, akasema: "Dogo, umenunua ala. Uliyemwona kwenye simu alikuwa na kisu."

Ala hapa ni ile nyumba ya kisu, kinamochomekwa. Sijasikia maelezo mafupi zaidi ya hayo kuhusu jambo hili, na kwa kuwa nimeulizwa swali hilohilo na watu wasiopungua watano mwaka huu, nimeona nilifungue polepole.

Majina kwanza

Msumeno wa meza ni ule ambao bledi yake ya duara inachomoza juu ya meza, na wewe ndiye unayeipelekea mbao. Jigi ni kifaa cha kujitengenezea kinachoushika au kuuongoza ubao ili kipande cha kwanza na cha mia vitoke sawa. Jigi maarufu kuliko zote ni sledi: kipande cha plaiwudi kinachoteleza juu ya meza, kimesimamishiwa ukuta wa mbao nyuma. Unaegemeza ubao kwenye ukuta huo, unasukuma sledi nzima, ubao unakatwa kwa pembe mraba.

Mfereji wa meza ni ule mchirizi uliochongwa juu ya meza ya msumeno, kwa kawaida miwili, mmoja kila upande wa bledi. Kinachoingia humo na kuteleza kinaitwa mwongozo: pau nyembamba iliyofungwa chini ya sledi. Hapa mfereji ni ala, mwongozo ni kisu.

Reli ya T ni kitu kingine kabisa. Ni mchirizi wa aluminiamu wenye mdomo mwembamba na tumbo pana. Ukiikata na kuitazama kwa mbele, uwazi wake una umbo la herufi T iliyopinduliwa. Unaifukia ndani ya jigi yako, kisha unaingiza kichwa cha bolti tumboni, mwili wa bolti unatokea mdomoni, na juu unakaza nati. Hapo reli ndiyo ala, na kisu ni bolti.

Kwa hiyo kijana alikuwa na ala mbili, moja ndani ya nyingine. Ugomvi wote umezaliwa na sadfa: reli nyingi za T zinazouzwa mtandaoni zina upana wa nje wa robo tatu ya inchi, na mifereji ya meza nyingi kubwa zenye asili ya Marekani ina upana huohuo. Namba ni moja, kazi ni mbili.

Kuteleza na kubana

Kabla ya kufungua mkoba, jiulize swali moja tu: kitu ninachokitafuta kinatakiwa kuteleza wakati bledi inazunguka, au kinatakiwa kubana kisitikisike?

Chukua mfano wa mizinga ya nyuki, maana huku kwetu kati, Singida hadi Kondoa, kazi hiyo ipo. Mzinga wa pau za juu, ambazo nyuki huning'iniza masega yao, unahitaji zaidi ya pau ishirini, na kwa nyuki wetu wa Afrika kila pau inatakiwa iwe na upana wa milimita 32. Zidisha, na nyuki wataanza kujenga masega ya kukatisha kutoka pau moja hadi nyingine, na siku ya kurina utalaumu nyuki bure. Urefu nao uwe mmoja, la sivyo pau hazikai kwenye kingo za mzinga. Upana unaupata kwa kupasua kwa kufuata uzio wa meza, ule ukingo ulionyooka unaofungwa sambamba na bledi. Urefu unaupata kwa sledi.

Katika sledi hiyo kuna kazi zote mbili. Chini ina miongozo miwili inayoteleza kwenye mifereji ya meza. Juu ya ukuta wake ina reli ya T, na kwenye reli hiyo kuna kigingi kidogo cha mbao unachokisogeza hadi kwenye kipimo unachotaka kisha unakibana kwa bolti. Pau ya kwanza unaipima. Zilizobaki unazigonga kwenye kigingi na kukata. Ukielewa sledi hii moja, jigi nyingine zote unazoziona kwenye video ni ndugu zake.

Ala: pima, usiulize jina

Watu hudhani misumeno yote ya meza ina mfereji mmoja. Wakazi wa Dodoma hatuna udhuru wa kuamini hivyo, maana mji wetu una reli za aina mbili. Ile ya zamani ina upana wa mita moja. Ile ya SGR, iliyoanza kuleta abiria kutoka Dar mwaka 2024, ina milimita 1,435. Zote ni reli, zote zinafika Dodoma, lakini hakuna atakayelitoa behewa la huku akaliweka kule.

Mfereji unaotajwa zaidi ni wa upana wa robo tatu ya inchi na kina cha inchi tatu ya nane, yaani milimita 19 na milimita 9.5. Huo ndio wa meza kubwa. Misumeno midogo ya kubebeka mara nyingi ina mfereji mwembamba zaidi au wenye kina kifupi, na mingine ina vimeno vidogo vinavyotokeza pembeni ili kipimapembe chake kisinyanyuke. Mwongozo uliochongwa kwa meza ya jirani hautapita hapo. Na mifereji mingine ya meza yenyewe ina umbo la T chini, jambo linalozidisha mkanganyiko, kwani mtu huiona ile T akadhani bolti ya reli itaingia.

Tumia kalipa, kile kifaa chenye taya kinachopima hadi sehemu za milimita. Kama huna, azima. Futi ya mkononi haitoshi, kwa sababu tofauti inayokuharibia kazi hapa ni ndogo kuliko mstari wa futi. Pima upana mwanzoni, katikati na mwishoni mwa mfereji. Mifereji ya meza za bei nafuu huwa haina upana mmoja, na mwongozo lazima ufuate pale penye upana mdogo zaidi.

Halafu hakikisha mfereji uko sambamba na bledi. Chomoa waya kwanza, nasisitiza, chomoa, usizime tu. Weka alama kwenye jino moja la bledi, lisogeze mbele, pima umbali wake hadi ukingo wa mfereji. Lizungushe nyuma, pima tena jino lilelile. Vipimo vikitofautiana, rekebisha hicho kwanza. Mwongozo mzuri kwenye mfereji uliopinda utakupa mbao zilizoungua kingo.

Meza isiyo na mfereji

Hapa niwe mkweli: misumeno mingi katika karakana zetu haikutoka kiwandani. Ni fremu ya chuma iliyochomelewa, bamba juu, mota chini, mkanda, bledi. Mfereji hakuna. Mtu anaangalia video usiku kucha akitafuta mwongozo wa kununua, na asubuhi anagundua hana pa kuupitisha.

Suluhisho si kukata bamba la chuma kwa grainda. Nimeliona hilo likifanyika na matokeo yake yalikuwa kama njia ya panya. Weka uso wa pili juu ya meza: plaiwudi ya milimita 12 iliyokatwa vipande, ukiacha kati yake nafasi inayolingana na mwongozo wako. Kipande cha kwanza kifunge sambamba na bledi, laza mwongozo ubavuni mwake, sukuma kipande cha pili hadi kiuguse na karatasi moja katikati, funga. Mfereji umepatikana, na una upana uleule uliouamua wewe. Unapoteza milimita 12 za kina cha kukata, ambazo kwa kazi ya pau za mzinga huzihitaji. Njia nyingine ni kuacha mfereji kabisa, sledi ikapanda juu ya meza na kushuka pembeni, ikiongozwa na kingo mbili za nje za meza. Hiyo inataka kingo zilizonyooka kweli.

Kisu cha kwanza: mwongozo

Kuna imani kwamba mwongozo wa chuma ni bora kuliko wa mbao siku zote. Si kweli. Kuna imani pia kwamba ukibana sana ndiyo unakuwa sahihi zaidi. Hiyo ni hatari, kwa sababu mwongozo unaokwama hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, na nguvu ikiachia ghafla mkono unakwenda usikotaka.

Nafasi nzuri ni karatasi moja. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Ikipita pembeni mwa mwongozo kwa kubana kidogo, uko pazuri. Zikipita mbili tatu, sledi itatikisika na pembe mraba utaisikia redioni.

Mbao ngumu kama mninga au mkongo hutoa mwongozo mzuri na wa bei ya masalia. Adui wake ni hewa. Dodoma ni kame zaidi ya nusu mwaka, kisha mvua za Desemba hadi Aprili zinabadilisha kila kitu. Mwongozo wa milimita 19 uliochongwa Agosti, upepo ukivuma na mbao zimekauka kama biskuti, unaweza kuvimba sehemu moja au mbili za kumi za milimita ifikapo Januari. Ndiyo ile karatasi yako yote, imeliwa. Chagua kipande ambacho miduara ya umri inasimama wima ukikitazama kwa mwisho wake. Ubao wa namna hiyo hupanuka kiasi cha nusu ya ule uliopasuliwa kwa kulala. Paka nta ya mshumaa, siyo mafuta.

Plastiki ile nyeupe ya vibao vya kukatia nyama nayo inafaa sana. Haivimbi kwa unyevu, inateleza yenyewe. Kosa lake ni kwamba ukiikazia skrubu bila kutoboa tundu la kutosha kwanza, inatuna kando ya skrubu na kukwama pale pale. Mbao nayo hufanya hivyo. Watu huchonga mwongozo ukateleza vizuri, wanaufunga, unakataa, wanadhani wamepima vibaya. Legeza skrubu moja moja uone ni ipi inayobana.

Pau ya aluminiamu au chuma haijali majira. Shida ni kuipata. Pau ya milimita 20 haiingii kwenye mfereji wa 19, na kuipunguza kwa tupa kwa urefu wa nusu mita kunataka subira ya mvuvi. Ukipata iliyo nyembamba kidogo, una bahati: igonge kwa senta panchi (chuma chenye ncha cha kutilia alama) ubavuni, kila baada ya sentimita kadhaa. Kila kishimo kinasukuma chuma kidogo nje kuzunguka mdomo wake, na pau inajaza mfereji. Ikizidi, pitisha tupa mara moja.

Kuifunga chini ya sledi, weka sarafu chache mferejini, za aina moja, ili mwongozo unyanyuke na uchomoze kidogo juu ya meza. Paka gundi juu yake, shusha ubao wa sledi ukiuegemeza kwenye uzio, weka uzito, nenda kanywe chai. Skrubu zifuate baadaye.

Kisu cha pili: bolti, na balaa la kumi

Mafundi wa Tanzania tunaishi katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Mbao tunanunua kwa inchi, mbili kwa nne, moja kwa nane. Plaiwudi tunanunua kwa milimita. Bomba kwa inchi, nondo kwa milimita. Na bolti tunaiita kwa namba ya spana yake.

Niliwahi kuingia duka moja mjini nikaomba bolti za kumi, dazeni. Nilikuwa nimeshatoboa matundu ya milimita 10. Nikapewa bolti zenye mwili wa milimita 6, zikacheza kwenye matundu kama njuga. Muuzaji hakunikosea. Bolti ya spana namba 10 ndiyo hiyo, M6. Ya spana 13 ni M8. Ya spana 17 mara nyingi ni M10. Tangu siku ile nasema "kumi ya mwili" au "kumi ya spana", na wauzaji hunielewa.

Sasa rudi kwenye reli ya T. Ina vipimo vitatu vya kujua: mdomo, tumbo, na kina cha tumbo. Mwili wa bolti upite mdomoni; kichwa kiingie tumboni lakini kisizunguke. Hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa. Kichwa kikizunguka, unakaza nati juu na bolti nzima inakufuata kama mbwa.

Reli nyingi za video za Marekani zimetengenezwa kwa bolti ya robo inchi, ambayo kichwa chake kina upana wa milimita 11 na kidogo. M6 yetu, kichwa milimita 10, huingia ikilegea kiasi. Katika reli nyingine itabanwa na pembe zake, katika nyingine itazunguka bure. M8, kichwa milimita 13, haiingii. Ukisaga pande mbili zinazotazamana itaingia, kama mdomo wa reli unapitisha milimita 8, ila mabega yanayoshika yatabaki membamba.

Nati nazo zina hila. Bolti ya robo inchi ina milimita 6.35, hivyo haiingii nati ya M6. Lakini M6 inaanza kuingia kwenye nati ya robo inchi ikilegea, na kwa kuwa hatua ya meno (umbali kati ya jino na jino) ni tofauti, ukilazimisha kukaza unaharibu meno. M8 na inchi tano ya kumi na sita ni wabaya zaidi, kwani mwili ni karibu sawa na hatua ya meno ni tofauti: nati inashika mizunguko miwili mitatu, kisha inagoma. Ukiona inagoma, usitafute spana ndefu. Hao si ndugu.

Reli bila kununua reli

Kwa kazi nyingi reli ya aluminiamu si lazima. Kuna bolti ya kichwa cha uyoga, ile yenye shingo ya mraba chini ya kichwa, inayofunga vitanda na mbao za matela. Shingo hiyo ndiyo dawa ya kuzunguka. Ya M6 ina kichwa cha karibu milimita 16 na nusu. Chimba mchirizi wa upana wa milimita 18 na kina cha 5 kwenye plaiwudi ya milimita 18. Funika juu kwa vipande viwili vya plaiwudi ya milimita 9, ukiacha mdomo wa milimita 7 katikati. Kichwa kinateleza chini, shingo ya mraba inakaa mdomoni na kukataa kuzunguka. Usitumie MDF, ule ubao wa unga wa mbao uliogandishwa, kwa midomo hiyo. Ukikaza inabanduka tabaka.

Ukipenda bolti ya kawaida ya spana 13, mchirizi uwe wa milimita 13 na nusu na kina cha 6, mdomo milimita 8 na nusu. Kuta za mchirizi zitazuia kichwa.

Wengine wananiuliza kuhusu reli za pazia. Zina umbo la kufanana, kweli, lakini zimetengenezwa kubeba kitambaa, na bolti ikikazwa midomo yake inafunguka. Reli za kufungia paneli za sola ni habari tofauti. Ni aluminiamu nene, nyingi hupokea bolti ya M8 yenye kichwa cha T, na kipande kilichobaki kwenye kazi ya paa kinaweza kuwa ukuta wa sledi ulionyooka kuliko mbao yoyote. Ni kirefu mno kwenda chini kufukiwa kwenye ubao, basi kitumie kikiwa wima. Beba bolti yake hapohapo unapokichukua, maana kila mtengenezaji ana tumbo lake.

Kama umeamua kununua ya aluminiamu, ifunge kwenye ubao mnene kwa skrubu za kutosha. Bolti inapokazwa huvuta reli juu, na skrubu fupi za kwenye pakiti hung'oka mapema.

Na jambo moja ambalo si la kipimo. Kuna jigi inayoitwa kitana, ubao wenye vidole unaobana mbao kwenye uzio, na huo pia hushikiliwa kwenye mfereji wa meza. Ukae kabla ya bledi tu. Ukiuweka sambamba na bledi au nyuma yake, unabana mkato ufunge kwenye bledi, na mbao inarudi kifuani mwako kwa kasi ya bledi. Vilevile usitumie uzio wa meza kama kigingi huku ukisukuma sledi. Kipande kilichokatwa kinanaswa kati ya bledi na uzio. Kigingi kiwe kwenye sledi yenyewe.

Yule kijana reli yake haikupotea. Mzee aliikata vipande viwili, kimoja akakifukia juu ya ukuta wa sledi ya plaiwudi, akampa bolti mbili za spana 10 kutoka kwenye kopo la rangi lililojaa masalia. Zilikuwa zinacheza kidogo tumboni, akaongeza washa. Miongozo ilitoka kwenye kibao cha nyama cha plastiki. Nilipoondoka jioni walikuwa kwenye pau ya kumi na nne, na kijana alikuwa anauliza kile kipande cha pili cha reli kitakwenda wapi.